Masikio na mamama: uyoga wa magogo Nkuhungu

Dodoma hupata mvua isiyozidi sana milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Ikishika siku mbili tatu mfululizo, kisiki kilichoachwa uani hapa Nkuhungu kinaweza kuchipua uyoga. Jua likirudi, umeshakauka.

Anayejifunza aanze na masikio, jamii ya Auricularia. Ni uyoga wa kahawia, mwororo, unaonesa. Hauna kofia ya mwavuli wala mikunjo chini, nao hushika mti mkavu karibu bila mguu. Ukikauka huwa gamba gumu, ukilowekwa hufumuka tena. Wagogo hodari wa kukausha mlenda hawatapata shida nao: ungo na jua vinatosha.

Mamama wa porini, jamii ya Pleurotus, ni ndugu wa ule unaolimwa kwenye mifuko. Huota kwa mafungu, na mikunjo yake myeupe huteremka hadi kwenye mguu. Ukiona pete mguuni au kifuko kwenye shina, uache. Wenye rangi ya machungwa uache pia, maana Omphalotus huota mtini na una sumu. Kuota mtini peke yake hakuthibitishi kitu. Na ule ulioota ardhini ukaegemea gome, huo si wa mtini kabisa.

Wapo wanaoamini kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba kuchemsha huondoa sumu. Imani hizi zinaua. Sumu ya Amanita phalloides haiondoki kwa moto wala kwa kuanikwa, na mlaji huanza kuumwa saa sita au zaidi baadaye, ini likiwa tayari linashambuliwa. Jifunze kwa mtu anayeujua uyoga wa eneo lako. Kitabu cha Härkönen, Niemelä na Mwasumbi cha 2003 kuhusu uyoga wa Tanzania kinasaidia sana.

Usichume kwenye nguzo zilizopakwa dawa wala kando ya barabara kuu. Masikio yaloweke, kata kikonyo kigumu, chemsha, kisha unga kwa kitunguu, nyanya na karanga za kusaga. Mamama uchane kwa mkono, uweke sufuriani bila maji, maana hutoa yake. Usile mbichi. Mara ya kwanza onja kidogo, na ubakize mmoja haujapikwa, ili ukiumwa daktari auone.