Kununua Mashine ya Kukereza Chuma kwa Karakana ya Nyumbani

Mashine ya kukereza huzungusha kipande cha chuma huku kisu kikikinyoa hadi kipate umbo na kipimo kinachotakiwa. Mwenye nayo nyumbani huweza kutengeneza bushi, pini na shafti fupi bila kutegemea karakana ya mbali. Bei yake, hata hivyo, huweza kumeza akiba ya miaka, na mashine nyingi zinazouzwa zimekwisha kutumika. Kwa hiyo tunamshauri mlaji atambue mapema kasoro zinazorekebishika kwa gharama ndogo na zile zinazoigeuza mashine kuwa hasara. Rangi mpya haimwelezi lolote kati ya hayo.

Ukubwa

Kipenyo kinachotajwa na muuzaji kwa kawaida ni cha kazi inayoweza kuzunguka juu ya kitanda cha mashine, yaani zile reli za chuma zinazobeba sehemu nyingine zote. Juu ya gari linaloshika kisu, nafasi hupungua. Mashine ndogo ya mezani yenye milimita 180 juu ya kitanda huweza kubakiwa na takriban milimita 110 tu juu ya gari. Mnunuzi aulize vipimo vyote viwili, pamoja na urefu wa kazi inayoweza kushikwa. Mashine nzito hutetemeka kidogo na hukata vizuri zaidi, lakini huhitaji sakafu imara na gharama kubwa ya usafirishaji.

Umeme

Nyumba nyingi hupata umeme wa njia moja wa volti 230, ilhali mashine nyingi zilizotoka viwandani hutumia umeme wa njia tatu wa volti 400. Kipo kifaa cha kugeuza umeme wa njia moja kuwa wa njia tatu, lakini si kila mota hukubaliana nacho. Fundi umeme mwenye leseni asome kibao cha mota kabla ya malipo, na gharama ya kifaa hicho ihesabiwe kuwa sehemu ya bei.

Nyuzi za skrubu

Baadhi ya mashine hukata nyuzi kwa kipimo cha inchi. Kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4, mashine ya namna hiyo kwa kawaida huhitaji gia yenye meno 127 ili ikate nyuzi za milimita kwa usahihi. Mnunuzi aombe gia zote za kubadilisha na azihesabu. Gia iliyopotea huweza kuwa ngumu kupatikana.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Kitanda huchakaa zaidi karibu na kishikio cha kazi, kile ambacho mafundi hukiita chaki, kwa kuwa huko ndiko kazi nyingi hufanyika. Gari likaziwe mpaka liteleze vema hapo, kisha lisogezwe upande wa pili. Likikwama njiani, kitanda kimelika, na kukinyoosha upya ni kazi ya karakana kubwa. Kasoro hii inatosha kumfanya mnunuzi aondoke.

Mpini wa gari ukizunguka kidogo kabla kisu hakijasogea, hilo ni jambo la kawaida. Ukizunguka sana, nati imechakaa, nayo aghalabu hubadilishwa. Mkanda na beringi za mota nazo hubadilishwa. Kasoro za aina hii ni sababu ya kupunguziwa bei.

Hatimaye, muuzaji aiwashe mashine kwa kila mwendo na akereze mbele ya mnunuzi kipande kinene kilichochomoza milimita 100 kutoka kwenye chaki. Kipenyo kipimwe ncha zote mbili. Tofauti kubwa ina maana kwamba mashine haijapangwa sawasawa au imechakaa. Muuzaji anayekataa jaribio hili amekwisha kutoa jibu.

Makubaliano na usalama

Risiti itaje aina ya mashine, namba yake, vifaa vinavyoambatana nayo na muda wa dhamana. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha.

Mnunuzi ahakikishe pia kwamba swichi ya dharura inafanya kazi na kinga ya chaki ipo. Mashine hii haina huruma kwa mkono wa nguo uliolegea, glovu, mtandio wala nywele ndefu zisizofungwa, na ufunguo wa chaki ukisahauliwa mahali pake huruka kama jiwe la kombeo mashine inapowashwa. Miwani ya kinga inunuliwe siku ileile inayonunuliwa mashine, na watoto wasiachwe karibu nayo.