Vipapatio vya kuku vya kuoka: Sosi kali ya Kichina hupakwa mwisho

Wengi wanaooka vipapatio vya kuku kwa sosi kali ya Kichina huambulia ngozi iliyoungua juu lakini ingali teketeke. Kosa si la oveni. Sosi ikipakwa mapema, asali iliyomo huungua kabla nyama haijaiva, na majimaji yake huizuia ngozi kukauka.

Kilo moja ya vipapatio hufutwa maji vizuri, hupakwa kijiko kidogo cha chumvi, kisha hulazwa kwenye jokofu bila kufunikwa hadi kesho yake, katika rafu ya chini ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Huokwa juu ya wavu kwa nyuzi joto 220 za Sentigredi, dakika 40 hadi 45, na kugeuzwa mara moja.

Wakati huo huchemshwa vijiko vikubwa vitatu vya sosi ya soya, viwili vya asali na kimoja cha siki, pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na pilipili kavu, hadi iwe nzito kama shira. Chumvi haiongezwi, soya inayo ya kutosha. Wapishi wa jimbo la Sichuan hutia pia huajiao, kiungo cha jamii ya michungwa kinachotia ulimi ganzi. Asiyekipata atapata ukali, si ganzi hiyo.

Vipapatio vilivyoiva huviringishwa katika sosi na kurudishwa ovenini dakika tano tu, mpishi akiwa hapo hapo. Ufuta hunyunyizwa vikitoka.