Ukinyunyiza Dawa ya Viwavi, Kumbuka Samaki Wako

Ndugu Mkulima, ikiwa una mahindi na kidimbwi cha samaki katika shamba moja, yafaa ufahamu neno hili kabla ya kujaza bomba: dawa isiyomdhuru ng'ombe wako yaweza kuua samaki wote wa kidimbwi kwa siku moja.

Jambo hili latuhusu sana siku hizi. Mwaka wa 2009 Serikali ilianza kuwasaidia wakulima wengi kuchimba vidimbwi vya mita 300 za mraba, na wengine wakachimba vyao wenyewe. Kisha mwaka wa 2017 viwavi jeshi wa namna mpya, ambao asili yao ni bara la Amerika, waliingia Kenya na kuanza kula mahindi. Katika skimu zetu mashamba yamepakana, na mara nyingi mahindi yako juu ya mtelemko na kidimbwi kiko chini. Dawa inayomwagwa juu hutafuta njia ya kwenda chini.

Kwa nini samaki hufa upesi

Samaki huvuta hewa kutoka katika maji kwa matamvua, yaani zile nyuzi nyekundu zilizo chini ya vifuniko vya mashavu yake. Maji hupita hapo mchana na usiku bila kukoma. Dawa ikiwamo majini, huingia katika damu yake kwa njia hiyo hiyo. Mwili wa ng'ombe au wa mtu huivunja dawa ya jamii ya pareto upesi na kuitoa. Mwili wa samaki hufanya kazi hiyo polepole sana, na mishipa yake ya fahamu huharibika.

Dawa nyingi za viwavi na za kupe ni za jamii hiyo. Zilitengenezwa viwandani kwa kufuata mfano wa sumu iliyo katika ua la pareto, ambalo wakulima wa Molo na Kinangop walijua vizuri. Utazitambua kwa majina yaliyoandikwa chupani, ambayo mara nyingi huishia kwa "thrin", kama cypermethrin na deltamethrin.

Tufanye hesabu ndogo. Kidimbwi cha mita 300 za mraba, chenye maji ya mita moja kwenda chini, huchukua lita 300,000. Mililita 20 za cypermethrin ya asilimia 5, yaani vijiko vinne vya chai, zina gramu moja ya sumu yenyewe. Gramu hiyo ikichanganyika na maji yote, kila lita itapata kama sehemu tatu tu za gramu iliyogawanywa mara milioni. Macho hayaioni, wala pua hainusi kitu. Lakini katika majaribio kiasi kama hicho kimeua samaki.

Wako wanaodhani kwamba dawa ya majani haina hatari. Sivyo. Wazee walitwanga utupa wakautia mtoni ili kuvua samaki, na utupa huo huo hutumiwa na wakulima kuua wadudu. Kitokacho mtini chaweza kuua samaki kama kitokacho dukani.

Mambo ya kufanya

1. Kagua mahindi kwanza. Ikiwa viwavi ni wachache na shamba ni dogo, waokote kwa mkono uwaponde. Ikiwa dawa ni lazima, inyunyize viwavi wakiwa wadogo. Kiwavi mkubwa hujificha ndani ya moyo wa mhindi, na dawa haimfikii.

2. Soma karatasi iliyobandikwa chupani. Nunua dawa iliyoandikishwa na Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu (PCPB). Ukiona picha ya samaki, ujue kwamba dawa hiyo ni hatari kwa viumbe wa majini. Mwulize Afisa wa Kilimo kama iko dawa nyingine ya viwavi isiyo kali kwa samaki, kama ile iitwayo Bt.

3. Tazama upepo na mvua. Nyunyiza asubuhi na mapema au jioni, upepo ukiwa mdogo na ukitoka kidimbwini kwenda shambani. Mawingu ya mvua yakikusanyika, ngoja.

4. Acha nafasi. Usinyunyize hatua ishirini zilizo karibu na maji. Karatasi ya chupa ikitaja umbali zaidi, fuata karatasi. Hapo acha majani yamee ili yazuie udongo, kwa maana dawa hushikamana na udongo. Upande wa juu wa kidimbwi chimba mtaro wa kupeleka maji ya mvua kando.

5. Funga mfereji uingizao maji kabla ya kazi kuanza, hasa ikiwa anayenyunyiza yuko juu yako. Kidimbwi kidogo cha nyumbani chaweza kufunikwa kwa turubai, lakini liondoe mara kazi imalizikapo, samaki wasikose hewa.

6. Usioshe bomba kidimbwini wala mtoni. Suuza chupa mara tatu na kuyamwaga maji hayo ndani ya bomba, kisha uyanyunyize katika mahindi. Ndoo ya kuchanganyia dawa isichotewe maji kidimbwini. Kadhalika, ng'ombe aliyenyunyiziwa dawa ya kupe asiingie kidimbwini kunywa maji.

Dalili za hatari

Samaki wakihema juu ya maji alfajiri na kutulia jua lipandapo, mara nyingi ni upungufu wa hewa, na samaki wakubwa ndio hufa kwanza. Sumu haingoji alfajiri. Samaki huzunguka ovyo na kulala ubavu, wadogo hufa mbele ya wakubwa, na mara nyingi wadudu wa majini hufa pamoja nao. Kambare aweza kuvuta hewa ya juu, lakini hilo halimkingi na sumu.

Ukiona dalili hizo, ziba njia ya dawa, punguza maji ya kidimbwi uyaelekeze mbali na mto, na uingize maji mengine ikiwa una hakika kwamba ni safi. Mpigie simu Afisa wa Samaki siku hiyo hiyo, ukiwa umeweka maji kidogo katika chupa safi na samaki wachache katika barafu. Waliokufa wazike. Usiwale, usiwauze, wala usiwape kuku au mbwa.

Mapatano na jirani

Mambo haya yote hayatoshi ikiwa jirani wa juu hajui siku zako wala wewe hujui zake. Samaki wa miezi sita au minane ni karo ya mtoto, nao hawawezi kukimbia. Mwendee jirani kabla ya msimu wa mahindi na kupatana naye kwamba kila mmoja atatoa habari siku moja kabla ya kunyunyiza. Penye chama cha wakulima, neno hili na liandikwe katika mapatano ya mkutano, ili kila mwenye kidimbwi apate nafasi ya kufunga mfereji wake kabla bomba halijajazwa.