Je, Wajua? Tundu, Mhuri na Kovu katika Sarafu za Unguja

Je, wajua kwamba pesa ya shaba ya Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, yenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria (1882), huharibiwa zaidi na ndimu na majivu kuliko na uzee? Unguja tumezoea kusugua shaba mpaka ing'are. Njumu za mlango zinastahili hivyo, sarafu haistahili. Ule utando wa kahawia iliyokoza ni ngozi yake, na ukiuchubua unaondoka na ncha za herufi za Kiarabu. Mkusanyaji huitambua sarafu iliyosuguliwa mara tu anapoigeuza kwenye mwanga, kwa michirizi myembamba isiyofutika. Inasikitisha kwamba wengi hufanya hivyo kwa nia njema, wakidhani wanaipandisha bei.

Je, wajua kwamba si kila tundu ni uharibifu? Senti 1, 5 na 10 za Afrika Mashariki zilitoka kiwandani zikiwa na tundu katikati. Zanzibar iliacha rupia na kuingia katika shilingi ya Afrika Mashariki tarehe 1 Januari 1936. Mwaka huohuo Edward VIII alirithi kiti cha ufalme wa Uingereza na kukiacha Desemba, kabla sarafu zenye sura yake hazijaanza kutumika kwao. Sarafu zetu za tundu hazikuhitaji sura ya mfalme, kwa hiyo senti 5 na 10 za 1936 zilitoka zikiwa na jina lake.

Je, wajua kwamba tundu la sonara ni jambo jingine kabisa? Riale za fedha za Maria Theresa, malkia wa Austria, na shilingi zenye simba zilitobolewa au kuchomewa kipete ili zivaliwe shingoni. Hata kipete kikiondolewa, kovu la lehemu hubaki ukingoni. Kampuni za Marekani zinazopima sarafu kwa alama 1 hadi 70, kama NGC na PCGS, kwa kawaida huinyima sarafu ya namna hiyo namba. Huandika tu kasoro yake, na bei hushuka. Lakini mkufu mzima wa riale ni kazi ya mikono ya watu wetu. Kuuvunja ili kuuza sarafu mojamoja ni kupata hasara mara mbili.

Je, wajua kwamba riale hiyo huonyesha mwaka 1780, aliokufa malkia mwenyewe, ingawa iliendelea kutengenezwa Vienna na kwingineko hata karne ya 20? Ukingoni ina maneno ya Kilatini yanayotaja haki na huruma. Kazi ya maneno hayo ilikuwa kumkomesha mwenye tabia ya kukwangua fedha pembeni: maneno yakikatika, wizi umeonekana.

Je, wajua kwamba kuna jeraha linaloongeza thamani? Wareno wa Msumbiji waligonga herufi PM zenye taji juu ya riale na rupia, na Hijaz nayo iligonga jina lake juu ya riale. Mhuri wa serikali hufanya sarafu ihesabiwe kuwa aina nyingine, ndiyo maana waghushi huupenda. Masarafi wa Kihindi nao walitia vialama vidogo kwenye rupia kupima kama ni fedha tupu. Wapo wanaoviita uchafu. Kwangu rupia yenye vialama hivyo ina mengi zaidi ya kusema kuliko iliyolala sandukuni, maana imepita sokoni na ushahidi inao.

Je, wajua kwamba unga wa kijani hafifu kwenye shaba ni ugonjwa unaokula? Chumvi na unyevu wa pwani huuchochea. Utando mgumu uliotulia hauna shida. Unga unaopukutika ndio hatari, na sarafu yenye unga huo itengwe na nyenzake.

Ukikuta pesa ya Barghash katika kasha la bibi, ishike ukingoni, iweke kwenye bahasha ya karatasi mahali pakavu, na uionyeshe kwa mjuzi ikiwa vilevile ilivyo. Ukiona sarafu ardhini katika magofu kama ya Unguja Ukuu, usiichimbue wala usiiuze: wape taarifa watu wa makumbusho, kwa sababu tabaka la udongo ilimolala ni sehemu ya historia yake.