Mwindaji wa Wyoming huanza na ramani, si bunduki

Kinyume na Kenya, iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, jimbo la Wyoming, Marekani, huwaruhusu wenye leseni kumwinda pronghorn katika ardhi ya umma. Mgeni hana budi kuanza na ramani, kwani kusini mwa jimbo hilo ardhi ya serikali na ya watu binafsi imegawanyika mithili ya ubao wa drafti, urithi wa sheria ya reli ya 1862. Kukosea mpaka kwaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Ndipo hupanda kilima alfajiri, darubini mkononi, akichungulia mabwawa na nyua. Mnyama huyu, aliye karibu zaidi na twiga kuliko swala kinasaba, hutimka takriban kilomita 88 kwa saa, ila kuruka ua ni nadra. Hupenya chini yake. Manyoya yaliyonasa wayani huonyesha apitapo.