Mchuma wa Upepo: Usiuziwe Camo

Rada ni kwamba uko majuu, keja iko nje kidogo ya Leeds, na farmer wa hapo amekupea ruhusa umpunguzie sungura. Fiti sana. Hii form ibaki hukohuko Uingereza. Huku Kenya uwindaji ulipigwa ban 1977, na KWS hawachekangi na msee.

Sheria kwanza, usije ukashikwa na sanse. England na Wales, ukiwa umefikisha miaka 18, bunduki ya upepo isiyozidi ft-lb 12 haitaki laiseni. Scotland wanataka cheti tangu mwisho wa 2016. Usivuke nayo ukijichocha.

Sasa kuna anko wa WhatsApp ya familia. Anko anasema buy ya mtutu wa inchi .22, kubwa ndiyo kali. Huyu anko bado anachagua simu juu ya tochi. Mwache. Hapo chini ya ft-lb 12 nguvu ni ileile, lakini peleti ya .22 ni nzito, inaanguka mapema. Ya .177 inanyooka, so hata ukikosea umbali kidogo, bado unadunga pale ulilenga. Kwa mtu anaanza, mimi ni team .177 bila stori mob.

PCP, ile ya kujazwa hewa, ama springi? PCP ni tamu, hairuki. Lakini ukishailipia bado unadaiwa chupa ya hewa ama pampu, hosi, geji. Doh ya rent imeenda hivyo. Springi unakunja mtutu, unatia peleti, unarudisha, umemaliza. Cheki Weihrauch HW99S ya Wajerumani: nyepesi, imetulia, haina ushamba.

Ila springi iko na tabia. Inaruka nyuma, alafu mbele. Ukiikaba, peleti zinatawanyika kwa karatasi kama njugu za mathree zimemwagika. Ilaze kwa kiganja, iache iruke vile inataka. Huo mruko pia unamaliza skopu za bei ya jioni, so uliza dukani skopu ya kuhimili springi. Hapo ndio ganji inafaa kwenda. Kuna wasee wanavaa camo hadi soksi, bipod, laser, na hawadungi ukuta. Aibu tupu. Anko angewapenda.

Seti skopu yako kwa yadi 30, karibu mita 27. Peleti zikiingia zote ndani ya duara la inchi moja, kila mara, sasa ongelesha sungura, na ni kichwa tu. Kama bado, baki na karatasi. Sungura akipigwa tumboni anaingia shimo kudedi polepole, na huo ni ukatili, si uwindaji.

Kila mtutu huwa na peleti yake. Buy mikebe ya kampuni tofauti, zijaribu zote kabla ya kumpigia farmer simu.