Kuungana Bila Kuunganishwa: Nyuzi za Protini na Uundaji wa Istilahi

Katika uundaji wa istilahi za Kiswahili, mnyambuliko wa kitenzi ukikosewa, maana yote ya elimu inayokusudiwa hupotoka. Mfano mmoja ni nyuzi ndogo mno za protini ambazo wataalamu huzitengeneza ili ziwe kiunzi cha kukuzia seli.

Protini ni mnyororo wa asidi amino, ambazo aina zake za kawaida ni 20. Mnyororo mfupi huitwa peptidi. Katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, Shuguang Zhang alikuwa akichunguza zuotini, protini ya hamira, alipotambua kipande cha asidi amino 16 chenye mpangilio wa kurudiarudia. Mwaka 1993 yeye na wenzake walieleza kwamba peptidi hiyo, ikitiwa katika maji yenye chumvi, hufanya utando unaoonekana kwa macho.

Siri imo katika mpangilio. Asidi amino zipendazo maji hupishana na zile ziyaepukazo, hata mnyororo ukinyooka huwa na pande mbili zisizofanana. Pande ziepukazo maji hukabiliana zikajificha. Katika upande wa pili, chaji chanya za mnyororo mmoja huvutana na chaji hasi za jirani yake. Hivyo minyororo hujipanga bega kwa bega, ikawa uzi wenye unene wa nanomita 10 hivi. Na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Nyuzi nazo hutatizana zikawa jeli, ambayo zaidi ya asilimia 99 yake huweza kuwa maji.

Je, tendo hilo liitweje? *Kuunganishwa* hudai mtendaji wa nje, ilhali hapa hakuna mkono uunganishao: mhandisi huchagua mpangilio wa asidi amino tu, kisha huziacha. *Kujiunga* hudokeza mmoja aingiaye katika kundi lililokwisha kuwapo. *Kujiunda* hukifanya kitu kimoja kiwe mtenda na mtendwa, na uhusiano wa wengi hutoweka. Kauli ya kutendana, *kuungana*, ndiyo ibebayo hali yenyewe: kila mnyororo huvuta na kuvutwa.

Uteuzi huo unathibitishwa na upande wa maradhi. Katika ugonjwa wa Alzheimer, vipande vya protini huungana vikawa nyuzi ndani ya ubongo pasipo mtu yeyote kukusudia. Istilahi yenye kudai muundaji ingefaa katika maabara, ikashindwa hospitalini. Na mwanafunzi angedhani kwamba hayo ni mambo mawili yasiyohusiana.

Kwa hiyo *protini ziunganazo zenyewe* ni istilahi inayofaa pande zote mbili. Haikukopwa wala kubuniwa upya. Ilikuwamo tayari katika sarufi, ikingoja mwanaisimu aulize kwanza jinsi kitu kinavyotenda kabla ya kukipa jina.